Kifundo changu na mteremko wa Mweka

Mara ya pili kuteguka enka, yaani kifundo cha mguu, sikuwa nimeanza hata kupanda. Tulikuwa tumefika geti la Machame la Mlima Kilimanjaro asubuhi, nikateremka kwenye Coaster mikono mitupu, ardhi kavu, jua linawaka. Nilikanyaga jiwe la ukubwa wa yai, unyayo wa mguu wa kulia ukageukia ndani, kifundo kikaenda nje, nikajikuta nimekaa chini kati ya mahema na mitungi ya gesi. Mwenzangu mmoja akauliza, "Vipi kaka, tena?" Sikuwa na la kumjibu. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimeumia mguu huohuo nikishuka kutoka kambi ya Barafu, na ile mara ya kwanza nilikuwa na cha kutaja: mvua, giza linaloingia, mzigo kichwani. Safari hii sikuwa nacho.

Kwetu mtu anayeteguka kila mara huambiwa haangalii anapokanyaga. Niliambiwa hivyo na watu wazima ninaowaheshimu, nami nikaamini kwa karibu miaka miwili. Nikawa natembea macho chini kama mtu aliyepoteza shilingi, na bado mguu uliniponyoka. Baadaye nilijua kwamba sehemu ya jibu ilikuwa kwenye mifupa yenyewe, jinsi ilivyochongeka na jinsi inavyokaa, na kwamba mteremko huikuta mifupa hiyo katika mkao wake mlegevu kuliko yote. Sehemu nyingine ya jibu ilikuwa jinsi nilivyoliuguza lile jeraha la kwanza. Ningelijua hayo nikiwa na miaka 22, nisingelipoteza misimu miwili ya kazi.

Kwa asiyetufahamu, sisi wapagazi wa Kilimanjaro tunajiita wagumu. Mzigo wa mgumu ni kilo 20, hivyo ndivyo hifadhi ilivyoweka, na hupimwa kwenye mizani getini. Usiku wa kilele wageni huondoka Barafu na waongozaji. Sisi tunabaki, kesho yake tunavunja kambi na kutangulia Mweka. Barafu iko juu kidogo ya mita 4,600, kambi ya Mweka iko kwenye 3,100 hivi. Kwa hiyo ni mita 1,500 za kuteremka tu, kwanza kwenye changarawe na mawe ya huko juu, kisha kwenye ngazi za mawe na magogo ambazo maji ya mvua yamezichimba hata hakuna mbili zinazolingana. Vijana huteremka mbio, kwa sababu anayewahi kambini huchagua mahali pa hema na hunywa chai ya kwanza. Nami niliteremka mbio.

Ngazi moja ilikuwa ndefu kuliko nilivyokadiria. Nikanyoosha mguu, vidole vikatangulia kutafuta chini kama mtu anayeingia mtoni asikojua kina. Vidole vilipopata jiwe, kisigino kilikuwa bado hewani. Nikasikia mlio mfupi, kama kamba ya hema inapokatika, halafu joto likapanda hadi gotini. Naomba msomaji ashike hilo la vidole kutangulia. Ndilo lililonichukua muda mrefu kuelewa.

Asubuhi yake wenzangu waligawana mzigo wangu, nikajikokota na fimbo hadi geti la Mweka. Nyumbani nilipelekwa kwa mzee anayejua kukanda. Akasema nyama imehama lazima irudishwe, akanivuta na kunikanda kwa mafuta ya moto siku tatu mfululizo, huku uvimbe ukizidi. Simsemi vibaya, alinipa alichokuwa nacho na hakutaka hata senti. Lakini jeraha bichi lenye damu inayovuja ndani halitaki kukandwa wala kuchomwa kwa moto siku za mwanzo, na mimi kwa upande wangu nilifanya kosa kubwa zaidi: siku ya kumi, maumivu yalipopungua, nilirudi mlimani. Niliona maumivu yakiisha ndiyo kupona.

Mara ya tatu ilikuwa msituni kwenye mizizi, miezi minane baada ya ile ya Coaster. Hospitali ya kwanza walinipiga eksirei, wakasema mfupa haujavunjika, wakanipa dawa za maumivu. Nilikuwa naelekea kuacha kazi. Dada yangu ndiye aliyenisukuma nikamwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali nyingine, mama wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu vyote viwili."

Nikamwambia unaouma ni wa kulia. Akasema ndiyo, lakini anataka kuona na ule mzima, na anataka kuona viatu. Alivigeuza soli juu akavitazama kitambo, hakusema kitu. Kisha akaniuliza ninavyoshuka mlimani. Nikaanza kueleza, akanikatiza: "Usiniambie, nionyeshe." Palikuwa na ngazi mlangoni. Nikashuka moja, vidole vikitangulia.

"Simama hapohapo. Usiteremshe kisigino."

Akachuchumaa, akashika kisigino changu kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akakitikisa kushoto na kulia. Kikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akaniambia nikanyage unyayo mzima, nikunje goti lipite mbele ya vidole. Akashika tena, akatikisa kwa nguvu ileile. Kimya. Kifundo hakikusogea. Ulikuwa mguu uleule, haikupita hata dakika moja, na sikuwa nimefanya zoezi lolote. Niliomba arudie mara mbili.

Mezani kwake alikuwa na mifupa ya plastiki ya mguu. Baba yangu ni seremala, kwa hiyo aliponionyesha nilielewa upesi kuliko nilivyotarajia: kifundo ni kiungo cha tundu na ulimi. Muundi kwa juu na kwa ndani, na ule mfupa mwembamba wa nje uitwao fibula, vinatengeneza tundu. Ulimi ni mfupa unaoitwa talusi, unaokaa juu ya mfupa wa kisigino. Hakuna hata msuli mmoja unaojishikiza kwenye talusi. Zaidi ya nusu ya sura yake imefunikwa gegedu, nayo hukaa pale imebanwa na mifupa mingine na kufungwa kwa ligamenti, zile ambazo mtaani tunaziita mishipa.

Sasa, seremala akichonga ulimi, huuchonga upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Talusi haikuchongwa hivyo. Mbele ni pana, nyuma ni nyembamba, tofauti ya milimita chache tu, kama kabari. Ukikunja kifundo, vidole vikielekea usoni kwako au goti likisogea mbele ya unyayo, ile sehemu pana huingia ndani ya tundu na kubana. Mfupa kwa mfupa vinashikana. Ukinyoosha vidole chini, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki tunduni, na pembeni panakuwa na nafasi. Hapo anayekulinda usipinduke ni ligamenti na misuli peke yake.

Ndiyo maana wengi huteguka wakishuka, wakitua kutoka kuruka, wakikosea ngazi, au wamevaa viatu vya kisigino kirefu, ambavyo humweka mwanamke juu ya sehemu nyembamba ya talusi tangu asubuhi hadi jioni. Wacheza netiboli na voliboli wanaujua uchungu huu vizuri, kwa kuwa hutua na vidole.

Jambo la pili unaweza kulipima ukiwa umekaa hapo ulipo. Shika kifundo chako, kidole gumba kwenye nundu ya ndani, cha kati kwenye nundu ya nje, zile ambazo bibi yangu aliziita macho ya mguu. Shuka na vidole mpaka ncha za nundu zote mbili. Utaona ya nje imeteremka chini zaidi, karibu sentimita moja, na imekaa nyuma kidogo. Ya ndani ni fupi. Maana yake ni kwamba unyayo ukitaka kugeukia nje, mfupa mrefu wa fibula unauzuia. Ukitaka kugeukia ndani, ukuta ni mfupi na mguu unapita. Na kama kwamba hilo halitoshi, upande wa ndani una ligamenti pana nene, yenye umbo la feni, imara kiasi kwamba wakati mwingine hung'oa kipande cha mfupa kabla yenyewe haijakatika. Upande wa nje kuna tatu nyembamba. Iliyo mbele, inayotoka kwenye fibula kwenda kwenye talusi, ndiyo dhaifu kuliko zote, na vidole vikielekea chini ndiyo inayovutika na kubeba mzigo. Kwa hiyo hiyo ndiyo hukatika kwanza karibu kila mara. Ndiyo niliyoisikia mlio wake chini ya Barafu.

Nikamuuliza, kama binadamu wote tumeumbwa hivi, mbona ndugu yangu ninayefanya naye kazi hajawahi kuteguka? Akacheka kidogo, akasema hapo ndipo alipokuwa anakwenda. Akanisimamisha nimpe mgongo. Akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe, akanionyesha: kisigino changu cha kulia hakikai wima chini ya muundi, kimelala, sehemu ya chini imeingia ndani. Kwa mbele, ukinitazama, unaona nyama ya kisigino ikichungulia upande wa ndani, jambo ambalo kwa mguu ulionyooka huwezi kuliona. Na upinde wa unyayo wangu uko juu sana. Nilipofika nyumbani nililoweka miguu na kukanyaga sakafu ya saruji. Alama yangu ilikuwa kisigino na vidole, katikati pakavu kabisa. Ndugu yangu alikanyaga pembeni, alama yake ikajaa kama ya bata.

Kisigino kilicholala hivyo kinaupeleka uzito wa mwili kwenye ukingo wa nje wa mguu kila hatua. Mwenzangu anahitaji kosa kubwa ili apinduke. Mimi safari ya kupinduka nimeianza nikiwa bado nimesimama.

Kisha akachukua kipande cha mbao cha unene wa inchi moja hivi. Akanikanyagisha juu yake kisigino na upande wa vidole vidogo, kidole gumba pamoja na shina lake vikining'inia nje ya mbao upande wa ndani. Akapiga picha tena. Kisigino kilikuwa kimenyooka! Akaniambia hiyo ni habari njema: mguu wangu haujakakamaa, kinachousukuma ni sehemu ya mbele iliyoinama upande wa kidole gumba, kwa hiyo kabari ndogo ya upande wa nje ndani ya kiatu, na nafasi chini ya kidole gumba, inaweza kunisaidia. Kisigino kingebaki kimelala hata juu ya mbao, lingekuwa shauri jingine. Alipima pia kiungo kilicho chini ya talusi, kile kinachotuwezesha kugeuza unyayo ndani na nje, kwa sababu wako watu waliozaliwa na mifupa miwili ya hapo imeungana. Mguu unakuwa mgumu kama ubao na wanateguka ovyo tangu utotoni bila mtu kujua kwa nini. Changu kilikuwa kinatembea.

Desemba ile nilikwenda nyumbani kwa Krismasi kama Wachaga wote. Mbuzi alipochinjwa nilimwomba mjomba aniachie kifundo cha mguu wa nyuma. Nikakifungua kwa kisu, nikakitoa kile kimfupa, nikakichemsha mpaka kikawa cheupe. Talusi ya mbuzi ina puli juu na puli chini, na mfereji umechimbwa katikati. Nilikirudisha mahali pake nikajaribu kukipindua pembeni, kikakataa. Kinakwenda mbele na nyuma tu. Mbuzi anashuka korongo la mawe anakimbia, na sasa nilikuwa nimeshika mkononi sehemu ya sababu. Ya kwetu ina mfereji wa kina kifupi sana, na chini yake kiungo cha kugeuza. Tumepewa unyayo unaoweza kujiegemeza kwenye jiwe lililoinama, na gharama yake ni kwamba unaweza pia kupitiliza.

Baadaye nilisoma kadiri nilivyoweza. Watafiti wamepima kwa picha mviringo wa juu ya talusi, wakakuta kwa baadhi ya watu wenye vifundo visivyotulia mviringo huo ni mpana zaidi, na muundi unaufunika kidogo kuliko kwa watu wengine, yaani tundu ni la kina kifupi. Wengine wamepima fibula inakaa wapi. Hapo wanapingana: wapo walioiona imerudi nyuma kwa wanaoteguka, wapo walioiona imekuja mbele, na wapo wasioona tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa eksirei moja kwamba mifupa yako imekuhukumu, mwombe akueleze vizuri. Umbo la mfupa huongeza au kupunguza hatari. Linalotabiri kuteguka kesho kuliko yote ni kuwa uliteguka jana ukaliacha jeraha lijiponee.

Na hapo narudi kwenye zile siku kumi zangu. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Uingereza, Michael Freeman, pamoja na wenzake, waliandika kwamba ligamenti ikichanika hupotezi kamba tu. Ndani yake zimo neva zinazouambia ubongo mguu umekaaje. Zikiharibika, unakanyaga lakini hujui vizuri umekanyaga vipi, na misuli ya kukushika inaitwa ikiwa imechelewa. Ndiyo maana nilianguka kwenye uwanja tambarare na jua linawaka. Freeman aliwasimamisha wagonjwa wake kwenye ubao unaoyumba ili kifundo kijifunze upya. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, yule mama alinifanyia jambo lilelile akitumia godoro la sponji lililokunjwa.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu na sitayarefusha. Kusimama mguu mmoja nikipiga mswaki, kwanza macho wazi, baadaye yamefumbwa. Kuinuka kwa vidole kwenye ngazi na kushuka taratibu. Kufunga tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa kitanda na kuusukuma unyayo kuelekea nje, kwa sababu misuli ya upande wa nje wa mguu ndiyo inayopambana na kupinduka, na mimi yangu ilikuwa imelala. Mwishoni kuruka kwa mguu mmoja kwenda mbele, pembeni, na kugeuka. Kila siku, miezi mitatu, na mpaka leo sijaacha ile ya mswaki. Wiki ya pili nilichoka nikataka kuacha; hakuna maumivu, unaona unapoteza muda. Usiache hapo.

Kuhusu barafu: yule mama hakunikataza, alisema inapunguza maumivu. Lakini ile kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu, ambayo Mmarekani Gabe Mirkin aliipa jina mwaka 1978, mwenyewe baadaye alirudi nyuma kwenye suala la barafu na kupumzika kabisa, akasema vinaweza kuchelewesha kupona. Mlimani tuna vijito vya baridi kali na vijana wanapenda kutumbukiza mguu nusu saa. Mimi nawaambia dakika chache zinatosha, kisha funga bendeji, inua mguu, na kesho anza kuusogeza kidogokidogo.

Viatu nilikuwa nimenunua mitumba pale Memorial, Moshi, buti nzuri za ngozi, imara, bei ya kuelewana. Yule mama aliponirudishia alinionyesha soli: ukingo wa nje umelika, wa ndani uko kama mpya. Nilidhani nimeumaliza mwenyewe, na kweli sehemu ni yangu, lakini nilikuwa nazo miezi minne tu. Aliyezivaa kabla yangu alikuwa na mguu kama wangu. Nilikuwa nimebeba kisigino kilicholala juu ya soli iliyolala, upande uleule. Sisemi mgumu asinunue mtumba, wengi wetu hatuna njia nyingine. Viweke mezani, vitazame kwa nyuma. Kama kimoja kimeinama, kirudishe, hata kama ngozi yake inakupendeza.

Kwa kunifaa mlimani, hakuna kilichozidi kujua kushuka. Nilijifunza upya kwenye ile ngazi ya mlangoni, kisha kwenye tuta la shamba letu, kisha Mweka. Mteremko wenyewe unaelekeza vidole chini. Ukinyoosha goti na kurefusha hatua, unauongezea. Ukikunja magoti, muundi unaegemea mbele juu ya unyayo, na ile sehemu pana ya talusi inarudi tunduni hata kama ardhi imeinama. Kwa hiyo magoti laini, hatua fupi, unyayo mzima utue kwa pamoja. Kwenye ngazi ndefu geuza mwili kiubavu, mguu ukae kukata mteremko badala ya kuufuata. Ukiona ngazi ni ndefu kuliko mguu wako, usiitafute kwa vidole, chuchumaa. Fimbo mkononi husaidia sana, ingawa mwenye mzigo kichwani huona inamsumbua. Mapaja yatauma wiki ya kwanza, kwa sababu kazi umeitoa kwenye ligamenti ya upana wa kamba ya kiatu ukaipa misuli mikubwa. Na utachelewa kufika kambini, hilo sitakudanganya. Mwanzoni nilichelewa kama dakika arobaini nyuma ya wenzangu.

Kuna wakati nilianza kuyaona yote kwa jicho la mifupa, kila anayechechemea namtafutia kosa la kisigino. Kilichonirudisha kati ni utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Watwa wa Uganda, ambao hupanda miti mirefu kufuata asali. Wanaweka unyayo kwenye shina na kukunja kifundo kupita nyuzi 45, kiasi ambacho mimi nikijaribu nitaumia. Watafiti hawakuona mfupa wa ajabu. Walikuta nyuzi za misuli ya shavu la mguu ni ndefu kuliko za majirani zao wakulima. Mifupa ileile, matumizi ya maisha mazima yameubadilisha mguu. Nikakumbuka yule mama alivyokuwa akisema, "Mfupa ni wa Mungu, msuli ni wako."

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nikiwa sasa mwongozaji msaidizi, dada mmoja kwenye msafara wetu, mgumu wa safari ya tatu, aliteguka kwenye ngazi zilezile chini ya kambi ya juu. Nilimkuta amekaa, wenzake wanamwambia akaze moyo, wengine tayari wanataka kumvuta mguu. Nikawaomba wamwache.

Kuna utaratibu ambao madaktari wa Ottawa, Kanada, waliuchapisha mwaka 1992, wa kujua nani apelekwe eksirei, na nimeushika kwa moyo. Nilibonyeza ncha na ukingo wa nyuma wa nundu ya nje, sentimita sita za chini, kisha nundu ya ndani vivyo hivyo, kisha shina la mfupa wa kidole kidogo katikati ya ukingo wa mguu, kisha mfupa wa juu ya upinde upande wa ndani. Nikimfikia nyuma ya nundu ya nje alivuta pumzi na kunishika mkono.

"Dada, jaribu hatua nne tu. Nikushike, lakini ukanyage."

Akakanyaga moja. Ya pili hakuweza.

"Kaka, nitapona tu, nisaidie nifike kambini. Nisipomaliza safari, tipu sipati."

Nikamwambia tipu yake ataikuta, na nilihakikisha aliikuta. Tulimfunga mguu kama ulivyo, tukaita machela ya gurudumu, akashushwa hadi geti la Mweka usiku ule. Eksirei ilionyesha ncha ya fibula imemeguka, ile ligamenti ya nje imeondoka na kipande cha mfupa. Angekandwa na kuvutwa, sijui angekuwa wapi. Akafungwa hogo wiki sita. Baada ya hapo nikampeleka mwenyewe kwa yule mama, akasimamishwa amwonyeshe mgongo, na visigino vyake vilikuwa vimenyooka kabisa, upinde wa kawaida. Kwa hiyo yeye hakuhitaji kabari kama yangu. Alihitaji magoti, tyubu na muda.

Februari alirudi kazini. Kwenye ngazi za Mweka alikuwa mbele yangu, begi la mgeni kichwani juu ya ngata, magoti yamekunjika, anashuka kiubavu, unyayo mzima. Nyuma yetu vijana wakaja mbio, wakapiga mluzi kuomba njia. Tukajibanza kwenye miti ya pembeni, tukawapisha.